Pete Inayogusa Lenzi Pande Zote

Ndunge Kiilu ni fundi wa hadubini pale Kwa Vonza. Shule na zahanati humletea vyombo vilivyoingia vumbi, na alipochoka kusafisha lenzi zilezile kila mwaka, alibuni kishikizo chake mwenyewe cha kuzuia vumbi lisifikie lenzi: mrija mfupi wa plastiki wenye pete ya mpira ndani. Akaomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi kisheria, ili asiigwe, akapewa. Sentensi iliyomlinda ilisema hivi: "pete inayogusa lenzi pande zote."

Miaka minne baadaye kampuni moja ya Nairobi ikatoa mrija uliofanana na wake kama pacha. Tofauti ilikuwa moja: pete yao iligusa ukingo wa lenzi mahali patatu tu. Ndunge akalalamika, baraza la kesi za hataza likamkatalia, akakata rufaa Mahakama Kuu.

Siku ya kusikizwa, wakili wake, Mulei, alieleza kwamba "pande zote" ni juu na chini. Lenzi ina nyuso mbili, na pete ya kampuni ilizigusa zote mbili. Alisema vizuri. Ndunge, aliyekaa nyuma yake, nusura aamini.

Jaji akafungua faili. "Wakili, kuna barua hapa ya mteja wako kwa mkaguzi wa hataza. Mkaguzi alitaka kukataa ombi kwa sababu tayari kulikuwa na kishikizo cha mtu mwingine chenye pete yenye mapengo. Mteja wako alijibu nini?"

Mulei alimgeukia Ndunge. Barua hiyo hakuwa ameipa uzito.

"Ni wewe uliandika?" akanong'ona.

"Ni mimi. Nilisema yangu inazunguka lenzi yote bila kuacha pengo. Ndiyo maana wakanipa."

"Tunaweza kusema ulimaanisha kitu kingine."

"Sikumaanisha kingine. Mwambie hivyo."

Mulei akamwambia jaji. Hukumu ilitoka baada ya wiki sita: aliyebana maneno ili apewe hataza hawezi kuyapanua akija kushtaki. Rufaa ikatupwa.

Ndunge aliisoma mara mbili kwenye benchi la korido. Iliuma. Lakini hakuona mahali jaji alipokosea, na hilo lilimuudhi kuliko kushindwa kwenyewe.

"Twende mbele?" Mulei akauliza. "Mahakama ya Rufaa wanaweza kuona tofauti."

"Hapana, wakili. Wataisoma barua ileile."

Jumatatu muuguzi kutoka Mutomo alimletea hadubini iliyoanguka, akauliza kesi ilienda aje.

"Nilishindwa," Ndunge akasema. Akamwomba amshikie tochi, akaanza kufungua skrubu.