Mlango wa Dawa

Mimi rangi nilianzia kwa malori, si kwa kabati. Kwa lori kazi ni kuficha: mkwaruzo unaupaka filla ya kuziba, unasugua kwa msasa mpaka bati liteleze, ndipo unapuliza rangi. Mikono yangu ilizoea hivyo, na siku moja nusura initie aibu.

Kakuma kuna mama mmoja Msomali, mtu mzima, macho yameshamwishia. Binti yake alitaka kabati lao la mvule lipulizwe rangi ya kijani, wageni wa harusi wanakuja. Mama alikubali kwa sharti. Alinishika mkono, akaupitisha kwenye mistari ya mbao, mlango baada ya mlango.

"Fundi, huu umenyooka, ni wa vikombe. Huu una jicho, wa sukari. Huu una mawimbi, wa dawa zangu. Ukiiziba mistari hii, kila kitu nitakuwa naomba watu. Wallahi, sitaki kuomba."

"Usijali, mama," nikasema. Nilijiamini sana, mimi!

Nikaipeleka milango Lodwar, maana kompresa yangu ya kupulizia rangi iko huko. Alfajiri, kabla upepo haujaanza kurusha mchanga, nikamwagia sakafu maji kutuliza vumbi. Halafu, akili iko kwingine, nikachukua filla nikapaka mlango wa dawa wote. Nilipogutuka ilikuwa imekauka kabisa. Joto la Lodwar halikupi hata nafasi ya kujuta! Nikajitukana kwa Kiturkana, nikarudia kwa Kiswahili, mpaka jirani akauliza nagombana na nani.

Msasa ungekula mistari yenyewe. Nikatafuta sindano ya kushonea magunia, nikachokoa filla mstari kwa mstari, siku mbili nzima, mgongo unaniuma. Nikapitisha brashi ya waya kufuata mistari, kisha nikapuliza rangi nyepesi yenye thina ya kutosha, mara mbili tu. Kwa macho mistari ilionekana vizuri. Lakini macho yangu yana maana gani hapo? Nikayafumba, nikapapasa. Bado roho haikutulia.

Nilipomaliza kuirudisha milango kwenye kabati kule Kakuma, mama akaja na mikono mbele. "Vikombe," akasema. "Sukari." Kwa mlango wa tatu vidole vikasimama, vikarudi nyuma, vikaanza upya.

"Hapa umefanya nini?"

Nikamwambia ukweli wote, filla na sindano. Nikangoja matusi, na nilistahili.

"Ndiyo maana umechimbika kuliko mwanzo," akasema. "Huu hata usingizini siupotezi."

Lo! Nilishusha pumzi mpaka nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Binti yake akainuka haraka kumletea mama dawa za mchana.

"Kaa chini," mama akamwambia. Mlango ulikuwa wazi, na kopo la dawa lilikuwa tayari mkononi mwake.