Navalayo Apata Usingizi

Navalayo alikuwa fundi wa nguo sokoni Khayega, na wateja walimpenda kwa mkono wake mwepesi. Shida ilikuwa usingizi. Alisinzia kanisani, alisinzia akipima kitambaa, na siku moja alisinzia cherehani ikizunguka. Alipozinduka, alikuwa ameshona gauni la wifi yake Gentrix pamoja na sketi aliyoivaa mwenyewe. Gentrix, aliyekuja kulichukua, alicheka mpaka akaketi juu ya vitambaa.

Bramwel, mumewe Navalayo, hakucheka aliposikia.

"Si uvivu," akamwambia dadake. "Huyu anakoromanga usiku, halafu ananyamaza kabisa. Hapumui. Nabaki macho nikimngoja, mpaka avute pumzi kama mtu aliyeibuka majini."

Wakampeleka hospitali mjini Kakamega. Baada ya vipimo, Daktari Cherono akamweleza: "Mama, ukilala, koo lako linajifunga. Mafuta ya shingoni yanalibana, hewa inakosa njia, na mwili unakuamsha bila wewe kujua. Ndiyo maana mchana huna nguvu." Akampa mashine ya kupuliza hewa puani wakati wa kulala. "Na upunguze uzito. Koo likipata nafasi, huenda usiihitaji tena."

Nyumbani, obusuma, ugali wao, uliokuwa mlima ukawa kichuguu, na mrenda ukajaa sahani. Chai ikanywewa bila sukari. Safari ya sokoni ikawa ya miguu, hata Mike wa bodaboda akamsimamisha njiani.

"Mama, kwani niliwahi kukuangusha?"

"Hapana, Mike. Daktari ameniambia nitembee."

Kwa mama mkwe ndiko kulikuwa na kazi. Jumapili moja Navalayo alikataa kuongezewa kipande cha ingokho, kuku wa kienyeji, na mama mkwe akashika kijiko hewani.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Nikinenepa, nakosa pumzi usiku."

Mama mkwe akafikiri, akamwekea mboga, akakila kile kipande yeye mwenyewe.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Navalayo alipimwa tena. Koo lilikuwa likijifunga mara chache tu. Daktari akamruhusu aache mashine, ila arudi hospitali kukoroma kukianza upya. Bramwel alikuwa amekwisha kuzoea kulala mpaka majogoo.

Wiki hiyo Navalayo akaanza kuyapunguza magauni yake mwenyewe. Gentrix akamuuliza mbona hakati kitambaa kilichozidi.

"Nakikunjia ndani," akasema, akikanyaga cherehani. "Mwili nao hauaminiki sana."