Kalibu Yenye Unyevu

Zamani fundi wa kusubu sufuria aliweka mgongo wa mkono juu ya kalibu, lile umbo la kumiminia, kabla ya kumimina alumini; siku hizi anatazama namba kwenye kidude na kujiona amemaliza kazi.

Fundi wangu tulimwita Taratibu. Nilimvutia mvukuto wa kupulizia tanuri miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumwona akimimina kwenye kalibu baridi. Kila asubuhi alizipanga kuzunguka tanuri, akazigeuza kama anayeanika nguo za mtoto mchanga. Mteja akigomba mlangoni alimwambia, "Kaa, ndugu yangu, sufuria yako haijazaliwa."

Mimi nilikuwa na kitabu cha sayansi kisicho na jalada, nikamsomea. Chembe za kitu kigumu zimebanana, zinatetemeka pale pale. Ukizitia joto hulegea, zikatelezeana. Joto likizidi huachana kabisa, kila moja ikienda zake. Tone la maji likiwa mvuke linataka nafasi zaidi ya mara elfu.

Akacheka. "Kumbe haya mambo yameandikwa?"

Kisha mwanawe akashika karakana. Akaleta feni ya umeme, mimi nikapewa ufagio. Msimu wa mvua paa likavuja, kalibu zikalowa.

"Hazijakauka, mwanangu."

"Baba, kipimo kinasema tayari."

"Umepima alumini. Kalibu umeipima?"

"Wewe unataka kunimalizia makaa tu! Ungekuwa mpishi, watu wangekula kesho."

Mafundi wakacheka. Mimi nilijua kitabu kinasema nini, nikaendelea kufagia. Niliogopa kupoteza kibarua. Huo ndio mwisho wa elimu yangu.

Mwana akamimina. Unyevu uliojificha kwenye pembe ya kalibu ukawa mvuke kufumba na kufumbua. Haukuwa na pa kutokea ila juu, ukairusha alumini machoni mwake.

Karakana iliuzwa. Sasa sufuria zinatoka kiwandani zimefungwa nailoni, nyepesi kama ahadi, na watu wanazisifu.

Mara ya mwisho niliwaona karibu na hospitali, Taratibu amemshika mwanawe kiwiko.

"Shimo hilo. Inua mguu. Tena."

Nikawaamkia. Mwana akageuzia uso upande ambao sikuwepo.

"Nani huyo, Baba?"

"Mtu tuliyefanya naye kazi," Taratibu akasema bila kunitazama, akamvusha barabara.