Ulanzi Tu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati hapa Iringa, wanachuo wawili wakaingia wamemkokota mwenzao, mguu mmoja hauna kiatu.

“Amekunywa pombe gani?” muuguzi akauliza.

“Hajanywa pombe, dada. Ni ulanzi tu.”

Ulanzi, kwa wageni wa huku, ni maji ya mianzi: ukigemwa ni mtamu kama juisi, ukilala unalewesha kweli kweli.

Kijana akatundikiwa dripu. Baadaye mama yake akafika kutoka Ilula, kanga ina madoa ya nyanya. Akaushika ule mguu mtupu, akausugua kwa viganja.

“Nesi, mwanangu hanywi pombe,” akasema huku analia. “Tangu mdogo nampa ulanzi tu.”

Foleni nzima tuliinamisha vichwa. Tusikisingizie chuo, somo hili kijana alitoka nalo nyumbani.