Bi Pindo, Jogoo wa Kwenye Skrini na Cherehani ya Mama

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akigombana na jogoo asiyeliwa, basi hukuwahi kumwona Bi Pindo. Alikuwa mshonaji mwenye mikono myepesi kama moshi. Wanasema aliwahi kumpindia mtu suruali huku mtu mwenyewe akitembea nayo njiani, na hakujua mpaka alipofika kwake. Lakini subira! Siku Mungu alipokuwa akigawa subira, Bi Pindo alikwisha chomoka kwenye foleni.

Ugomvi ulianzia kwenye cherehani. Marehemu mama yake, naye mshonaji, aliacha watoto wawili na cherehani moja, ile nyeusi ya mkono yenye nakshi ya dhahabu shingoni. Kwa akili za kawaida ingekwenda kwa anayeshona. Ikaenda kwa mkubwa, kaka yake Bi Pindo, fundi wa kompyuta, mtu ambaye kifungo cha shati kikikatika hukibana kwa waya. Kaka akaiweka sebuleni, akaifunika kitambaa cha maua, na juu ya kitambaa akasimamisha chombo cha maua ya plastiki. Kila Bi Pindo alipokwenda kusalimia, aliona kitambaa tu, na roho ikamchoma kama sindano iliyopita chini ya ukucha.

"Kaka, nipe cherehani ya mama. Wewe unaitumia kufugia vumbi."

"Mdogo wangu, kunywa chai. Na kile kitambaa usikiguse, kimekaa vizuri."

Hivyo hivyo, kila akienda. Alipozidi kumganda kama kupe, kaka akabuni hila.

Kwenye banda lake la ushonaji Bi Pindo alikuwa na runinga ndogo, na humo alicheza mchezo mmoja wa zamani: jogoo anakimbia, anaruka mashimo, anaruka miiba, anafika kwenye lango, basi. Aliumaliza huku akipiga pasi, kisha akajigamba mpaka wateja wakakoma. Kaka akamwambia, "Wewe si bingwa wa jogoo? Nitakuletea majogoo wengine. Ukiwamaliza wote kabla mwaka haujaisha, cherehani yako. Ukishindwa, sitaki kuisikia tena mpaka naingia kaburini."

"Lete mkono," akasema Bi Pindo, na wakapeana. Hata hakuuliza ni majogoo gani. Ndivyo alivyo.

Sasa sikilizeni uchawi wa walimwengu. Kuna watu huko duniani hawana kazi ya kuwachosha. Huchukua mchezo uliokwisha tengenezwa na wenyewe, wakaufumua kama gauni, wakaushona upya ubane hata pumzi isipite. Hakuna anayewatuma wala anayewashukuru. Raha yao ni kusikia mwenzao akilia. Sheria yao ni moja tu: aliyeshona lazima aweze kulivaa. Mchezo ambao mtengenezaji mwenyewe hawezi kuumaliza, wanamcheka. Kaka alikuwa mmoja wao. Akamletea dada yake michezo ya wenzake kwanza, na wa kwake akauweka mwisho, kama mchawi anayebakiza hirizi kubwa.

Wa kwanza ulikuwa wa mishale. Jogoo alikufa kabla Bi Pindo hajakaa vizuri kitini. Uliofuata ulikuwa wa barafu, jogoo anateleza kama sabuni ya kuogea. Lakini kilichomtoa roho ni matofali yasiyoonekana. Jogoo anaruka shimo vizuri, mabawa kakunjua, halafu kichwa hicho, ko! Kagonga tofali lililokaa hewani bila kuonekana. Shimoni, pu! Skrini inaandika: UMEKUFA. RUDI MWANZO.

"Tofali gani hili halionekani? Mwashi wa wapi huyu?" alimfokea mumewe, kwa kuwa mumewe alikuwa mwashi kweli.

"Usiniangalie mimi, mke wangu. Matofali yangu yote yanaonekana. Hata yaliyopinda."

Alipiga kelele mwaka ule mpaka kuku wa jirani wakagoma kutaga, na jogoo wao akahamia mtaa wa pili kutafuta heshima. Kazini mambo yakaenda upogo. Mwalimu mkuu alikuja kuchukua suruali akakuta mguu mmoja umeishia gotini.

"Fundi, hii ni fasheni?"

"Ndiyo, mwalimu. Ya kuvukia madimbwi. Unatanguliza ule mfupi."

Mwalimu akaondoka akiwa ameridhika nusu.

Polepole, kwa kisirani kuliko kwa akili, Bi Pindo akamaliza wa mishale, akamaliza wa barafu, akamaliza na mingine ambayo hataki hata kuitaja. Lakini mwili ukabaki na alama. Hakuamini tofali tena. Akipanda ngazi, anaigonga kwanza kwa rula ya kushonea. Akipita mlangoni, anainama. Mumewe alijenga ukuta mpya uani, na Bi Pindo akakataa kuuegemea mpaka mume auegemee kwanza.

Kisha ukaja wa kaka. Jamani! Wale wengine walimtegea mtu yeyote, lakini kaka alimtegea dada yake. Alimjua tangu wakiwa kwenye nepi. Pale ambapo Bi Pindo hukosa uvumilivu akaruka mapema, pana mwiba. Pale anapokasirika akakimbia bila kutazama, pana shimo.

"Mtu huyu amenishonea kwa vipimo vyangu!" alilia, akairusha rimoti ya mchezo kwenye kapu la vitambaa, kisha akaifukua mwenyewe.

Mchana wa mwisho wa mwaka wao, kaka alikuja kushuhudia. Akakaa kwenye benchi la wateja, mguu juu ya mguu, kikombe cha chai mkononi. Mwashi naye alikuwepo, na vumbi lake la saruji. Bi Pindo akaanza. Akaruka mwiba, akasubiri pale pa kusubiri, akainama chini ya tofali moja jekundu lililoning'inia karibu na mwisho, kwani hilo alikuwa halipendi tangu siku ya kwanza, akapenya langoni. Muziki wa ushindi ukalia!

Akatupa rimoti, akapiga kigelegele. Nyuma ya lango jogoo akatembea mwenyewe, kifua mbele, kwa madaha. Akatumbukia shimoni.

UMEKUFA. RUDI MWANZO.

"Lango nimepita!"

"Umepita, lakini hujafika," kaka akasema, chai ikimpalia kwa kicheko. "Mama alikuwa akikuambiaje? Pindo, funga uzi! Unashona vizuri, ukifika mwisho unakata bila kufunga, nguo inafumuka mlangoni kwa mteja."

Bi Pindo akaiokota rimoti. Mwashi akasogea kando, maana kimya cha mkewe alikiogopa kuliko kelele. Mwanamke alikuwa anawaza kishonaji: aliyeshona lazima aweze kulivaa. Basi njia ipo. Na kama ipo, ipo pale nisipotaka kushika.

Akaanza tena. Alipofika kwenye lile tofali jekundu hakuinama. Akaruka, akaligonga kwa kichwa cha jogoo, macho yake mwenyewe kayafumba. Ubao ukaanguka nyuma ya lango, ukalala juu ya shimo kama daraja. Akapita langoni. Muziki ukalia, na vidole havikuachia. Jogoo akavuka ubao, akaingia bandani kwake. UMEFIKA.

Mwashi akampigia mkewe makofi mpaka saruji ikajaa hewani. Kaka alikaa kama mtu aliyemeza kifungo.

"Twende tukachukue cherehani," akasema Bi Pindo.

"Kesho, mdogo wangu. Nyumba haijafagiliwa."

"Nimekuja kuposa? Twende!"

Wakaenda wote watatu. Bi Pindo akaondoa maua ya plastiki, akavuta kitambaa. Cherehani ya mama ilikuwa imekatika shingo. Nakshi ya dhahabu imepasuka katikati, imefungwa kwa utepe mweusi wa umeme, na gundi imetiririka kama machozi ya mamba.

"Iliniponyoka ngazini siku ya kuhama," kaka akasema, sauti imempungua. "Nikaogopa kukuambia. Nikajua mchezo ule hutaumaliza."

Mwaka mzima! Miiba yote ile, barafu yote ile, na nyuma ya lango shimo. Bi Pindo akakitupa kile kitambaa cha maua sakafuni.

Mwashi akaikagua shingo kwa kidole gumba. "Chuma hiki kinaungika. Namjua mchomea vyuma, mkono wake ni mtulivu. Itabaki na kovu tu."

"Ibebe," Bi Pindo akamwambia kaka yake. "Wewe mwenyewe. Na kwenye ngazi nakufuata nyuma."

Aliibeba kama mtoto mchanga, kila ngazi akiigusa kwanza kwa ncha ya kiatu, mpaka kwa mchomea vyuma, kisha akarudishwa bandani na kukalishwa kwenye lile benchi. Bi Pindo akamtupia mapajani furushi la sare za shule zilizoshonwa vibaya mwaka ule wa majogoo, na sindano ya kufumulia.

"Cherehani haijarudi, wewe hutoki. Fumua, kisha ushone upya."

"Zote?"

"Mimi niliuliza majogoo wangapi?"

Kaka akainama. Haukupita muda akaruka, kidole mdomoni. "Aii! Nimejichoma!"

Bi Pindo hakuinua hata macho kwenye kazi yake. Alifunga uzi kwanza, akaukata.

"Umekufa," akasema. "Rudi mwanzo."