Waridi la Nyuma ya Jiko

Ndugu yetu wa mwisho alizaliwa kabla ya wakati wake, akaishi wiki moja. Tulikuwa tunakaa juu ya Endebess, mahali ambapo mwezi wa saba umande huganda kwenye nyasi ukawa mweupe kama chumvi. Baba alimzika nyuma ya jiko. Alisema mtoto mdogo hivyo hawekewi msalaba, na tangu siku hiyo hakumtaja tena.

Baadaye mama mmoja wa kanisa, mkaazi wa Kibomet, alimletea mama waridi katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Lilikuwa la aina isiyorefuka, ua lake likitoshana na kifungo cha koti. Mama alilipanda kichwani pa kaburi.

Baridi yetu nusura iliue. Mwaka wa kwanza matawi yaliungua yakawa meusi, tukadhani limekwisha, kumbe mizizi ilikuwa hai. Lilipochipuka tena, mama akawa amejifunza. Baridi ikikaribia hakulikata hata tawi, kwa kuwa likikatwa huchipua, na machipukizi mapya ndiyo huungua kwanza. Alilirundikia udongo shinani, na kila jioni akalifunika kwa nyasi kavu, na gunia juu yake. Jua likitoka alilifunua lisioze. Nilikuwa msichana wa shule, na mara nyingi nilimsikia akilifunika huku akisema polepole, "Haya, lala."

Miaka ya tisini ilipoanza, watu wa upande wetu walianza kuchomeana nyumba. Jirani aliyekuwa na lori alikubali kutubeba hadi kwa wazazi wa baba, karibu na Malakisi. Mama alikuwa nyuma ya jiko na jembe, anang'oa waridi.

"Tunaacha kitanda, na wewe unabeba maua?" baba akamwuliza.

"Kitanda kitapatikana kingine," mama akasema.

Alilipakata njia nzima. Kaburi lenyewe lilibaki.

Malakisi kuna joto. Waridi lilipandwa kando ya nyumba ya nyanya, likachanua vizuri. Hata hivyo mwezi wa saba ulipofika, mama alitoka jioni na gunia akalifunika.

"Huyu anafunika nini na hii joto?" nyanya akaniuliza.

Nilimweleza mama kwamba huku hakuna baridi. Akasema, "Najua." Kesho yake akalifunika tena.

Mwaka uliofuata malaria ilimwangusha. Sisi wa milimani hatukuwa tumeizoea. Jioni moja, homa ikiwa imempanda, alimshika baba mkono. "Amefunikwa?" akauliza. Baba aliinuka, akachukua gunia mlangoni, akatoka.

Alipokawia nilimfuata. Nilimkuta amechuchumaa kando ya waridi, gunia bado mkononi, machozi yanamtiririka. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia.

"Tulimwacha peke yake kule," akaniambia. "Na mimi hata alama sikumwekea."

Nilishika upande mmoja wa gunia, yeye akashika mwingine, tukalifunika.

Mama alipona. Waridi halikudumu, mchwa walilila mizizi wakati wa kiangazi, na mama hakutafuta lingine.

Nilirudi Endebess miaka kadhaa baadaye, nikiwa nafanya kazi Kitale. Nyumba haikuwepo, wala jiko. Shamba lote lilikuwa limelimwa kwa trekta, nami nilitembea kati ya mistari ya mahindi nikijaribu kukisia mahali, nikashindwa.

Nilipowaendea wazazi Malakisi, mama aliniuliza nimeona nini. Nilifikiria kumdanganya.

"Mahindi, mama. Kila mahali."

Baba aliinamisha kichwa. Mama alikuwa akichambua mboga.

"Yamekua vizuri?" akauliza.

"Yamekua vizuri."

"Basi sawa," akasema, akaendelea kuchambua mboga.