Bakuli lililoshonwa kabla ya bampa

Leo makumbushoni Nizwa nimefungua mdomo!

Nilifuatana na mdogo wangu Salma na wenzake wa chuo. Mie shule niliacha mapema, basi kaniambia kabisa, "Kaka, usinitie aibu."

Mwenye kutuonesha akasema vitundu vya bakuli la jiwe, la kale mno, ni pambo.

Nikamnong'oneza Salma, "Pambo gani? Limeshonwa hilo."

Yule bwana kasikia. "Sema, tusikie sote."

Salma akanifinya. Yaa Rabbi, nikasema tu:

"Gereji kwetu Firq, bampa la gari likipasuka natoboa vitundu huku na huku ya ufa, nashona kwa waya. Vitundu hivyohivyo."

Yule bwana akamulika bakuli kwa tochi. Ufa huo, katikati ya vitundu!

"Wallahi, fundi, umeniweza."

Njia nzima Salma anawaambia wenzake, "Mmemsikia kaka yangu?"

Mafundi wenzangu, yule fundi wa kale alishona kwa kitu gani?